Sura ya Nne: Wenye Itikadi Moja na Wenye Kazi Moja

Mwaka 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walianza kukutana peke yao. Juni walikuwa Entebbe, Agosti Mombasa, Oktoba Kigali. Katika vikao hivyo walipanga reli ya kisasa kutoka bandari ya Mombasa, bomba la mafuta, viza moja ya watalii, na utaratibu wa raia kuvuka mpaka kwa kitambulisho badala ya pasipoti. Tanzania na Burundi, wanachama halali wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hazikuwemo. Vyombo vya habari vikawabatiza wale watatu "Walio Tayari", na jina likashika kwa sababu lilikuwa na kijembe ndani yake: kama hawa ndio walio tayari, basi wale wengine ni watu wa kuvuta miguu.

Tanzania iliumia. Tarehe 7 Novemba mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alilihutubia Bunge mjini Dodoma, akasema nchi haijatoka kwenye Jumuiya wala haina mpango wa kutoka, na kwamba mambo inayoyaendea kwa tahadhari yanajulikana: ardhi, ajira, uhamiaji, na haraka ya kuunda shirikisho la kisiasa.

Hoja ya wale watatu haikuwa nyepesi. Mkataba wa Jumuiya wa 1999 wenyewe unaruhusu wanachama wachache watangulie pale ambapo wenzao bado wanasita. Serikali zinazoutazama uchumi kwa jicho moja zikishikana zinaweza kumaliza kwa mwaka mmoja kazi ambayo baraza kubwa lingeijadili kwa miaka kumi. Je, si bora basi nchi zenye mtazamo mmoja wa kisiasa zijitenge kidogo, ziwe na umoja wao, na wengine wawafuate wakishakuwa tayari? Swali hili linarudi kila kizazi barani kwetu, na kila likirudi linaletwa kana kwamba halijawahi kujaribiwa. Limejaribiwa mara nyingi, na matokeo yake yapo.

Tuanze na hao hao Walio Tayari. Mwaka 2016 Uganda iliamua mafuta yake yapite Tanzania hadi Chongoleani, Tanga, kwa bomba la kilomita 1,443, ikaiacha njia ya Kenya. Rwanda nayo ikageuza macho kuelekea reli ya kati ya Tanzania. Reli mpya ya Kenya ilifika Nairobi mwaka 2017 na eneo la Naivasha mwaka 2019, ikaishia hapo huku mpaka wa Uganda ukiwa bado mbali. Februari 2019 Rwanda ikaufunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna, na haukufunguliwa rasmi mpaka mwishoni mwa Januari 2022. Wakati Gatuna inafungwa, marais walikuwa walewale watatu waliopiga picha pamoja Entebbe. Hakuna adui wa nje aliyewavuruga. Kila mmoja alipiga hesabu zake upya, na urafiki wa wakubwa haukuwa na nguvu ya kuzizuia hesabu hizo. Kilichobaki ni yale ambayo wananchi walikwisha kuyazoea na wasingekubali kunyang'anywa: kitambulisho mpakani, gharama za simu zilizoshuka. Kilichokuwa kimebebwa na uelewano wa viongozi peke yake kiliondoka na uelewano huo.

Miaka hamsini na miwili kabla yao palikuwa na kundi la Casablanca. Januari 1961 Mfalme Mohammed V wa Morocco aliwakaribisha Kwame Nkrumah wa Ghana, Sékou Touré wa Guinea, Modibo Keita wa Mali, Gamal Abdel Nasser wa Misri na wakuu wa serikali ya muda ya Algeria, ambayo wakati huo ilikuwa bado vitani na Ufaransa. Libya ilituma mjumbe. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeondolewa madarakani, alikuwa kifungoni. Aliuawa tarehe 17 mwezi huohuo, siku chache baada ya mkutano kuvunjika. Hasira ya watu wale ilikuwa ya haki kabisa, na ndoto yao ilikuwa kubwa: Afrika yenye kamandi moja ya kijeshi na uchumi unaopangwa kwa pamoja, Afrika isiyopiga magoti. Ghana, Guinea na Mali zilikwisha kujitangazia muungano wao wenyewe, na Guinea ilipoadhibiwa na Ufaransa kwa kuchagua uhuru mwaka 1958, Ghana iliiahidi mkopo wa pauni milioni 10. Nakumbusha hili kwa sababu kuna waandishi wanaowacheka Casablanca kama watu wa maneno matupu. Hawakuwa hivyo.

Lakini kundi lilikuwa na ufa tangu siku ya kwanza. Mwenyeji wao alikuwa mfalme aliyedai kwamba Mauritania, nchi iliyokuwa imepata uhuru wake wiki chache tu kabla, ni sehemu ya ufalme wake. Wanamapinduzi wale, ili kundi lisivunjike, wakamuunga mkono. Huo ndio ushuru wa kwanza ambao umoja wa wenye itikadi moja huwatoza wanachama wake: mwenzako akikosea, unanyamaza, kisha unaanza kumtetea. Upande wa pili likajitokeza kundi la Monrovia, lenye nchi nyingi zaidi na lugha ya tahadhari zaidi, na kwa miaka miwili Afrika huru ikawa na kambi mbili zinazotazamana kwa shaka wakati Wareno wako Angola na Msumbiji na makaburu wako Pretoria.

Kambi hizo zilivunjwa Addis Ababa, Mei 1963, nchi 32 zilipounda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Haikupita hata nusu mwaka. Oktoba 1963 Morocco na Algeria, wote wawili wana wa Casablanca, walipigana vita vya mpaka jangwani, na Misri ikaisaidia Algeria. Waliowasuluhisha, mjini Bamako, ni Modibo Keita wa kundi la Casablanca na Haile Selassie wa Ethiopia, ambaye nchi yake ilikuwa kundi la Monrovia. Nadhani hakuna ushahidi mzuri kuliko huu. Ugomvi wa ndugu wa itikadi moja uliamuliwa ndani ya nyumba kubwa, kwa msaada wa mtu ambaye miaka miwili nyuma wangemwita kibaraka.

Hapa kwetu kuna kisa kinachosimuliwa visivyo mara kwa mara. Inasemwa kwamba Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikufa kwa sababu Tanzania ilikuwa ya Kijamaa na Kenya ya kibepari. Tazama tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, miezi minne baadaye. Nyerere na Kenyatta walitia saini wakijua fika kwamba hawafuati njia moja. Treni zilikwenda, ndege zilipaa, barua zilifika. Kilichovunja kazi ni malalamiko ya kweli kuhusu mgawanyo wa biashara na fedha za mashirika ya pamoja, na zaidi ni mapinduzi ya Idi Amin huko Uganda, tarehe 25 Januari 1971. Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin, na kwa hilo simlaumu hata kidogo. Lakini Mamlaka ya marais watatu haikukutana tena, na chombo kilichokosa wakuu hakikuwa na wa kukiokoa mashirika yalipoanza kudaiana. Itikadi iliingia baadaye, kama kuni. Kila deni likageuzwa kuwa hoja ya Ujamaa dhidi ya ubepari, na deni likigeuzwa imani halilipiki. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa mpaka 1983.

Sasa niingie kwenye kisa ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachojibu swali, nacho ni cha Nchi za Mstari wa Mbele.

Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru Rhodesia ili wasiwape Waafrika walio wengi utawala. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba kila mwanachama avunje uhusiano na Uingereza ikiwa Smith hatakuwa ameangushwa ifikapo katikati ya Desemba. Siku ilipofika, nchi kama tisa hivi ndizo zilizotekeleza. Tanzania ilikuwa mojawapo, na ikapoteza mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ambao nchi maskini ya miaka minne iliuhitaji sana. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba nyumba kubwa inaweza kuamua lakini haiwezi kutenda. Wanachama waliokuwa mbali na moto walipiga kura wakaenda kulala. Hitaji la kundi dogo halikutokana na majivuno ya mtu.

Kundi hilo lilipata sura mwaka 1974 na 1975, himaya ya Wareno ilipoporomoka. Walikuwemo Julius Nyerere aliyeongoza vikao, Kenneth Kaunda wa Zambia, Seretse Khama wa Botswana, Samora Machel wa Msumbiji, na baadaye Agostinho Neto wa Angola. Zimbabwe ikajiunga mwaka 1980. Tazama ni watu gani hao. Machel na Neto walikuwa wafuasi wa Marx na Lenin, bila kuficha. Nyerere alikuwa Mkatoliki na mjamaa wa aina yake mwenyewe. Kaunda alihubiri falsafa ya utu. Khama aliongoza nchi yenye vyama vingi, yenye uchumi wa soko huria, iliyofungwa na Afrika Kusini katika umoja mmoja wa forodha na isiyoruhusu kambi za wapigania uhuru kwenye ardhi yake, kwa sababu jeshi la makaburu lingeifikia Gaborone kabla ya chai ya asubuhi. Botswana haikuwa hata na jeshi mpaka 1977. Kwa kipimo cha itikadi watu hawa wasingeweza kuunda hata klabu ya mijadala.

Nao walitofautiana kweli. Angola ilipopata uhuru Novemba 1975, Tanzania na Msumbiji zilitambua serikali ya chama cha MPLA wakati Zambia ilitaka serikali ya mseto yenye mpinzani wake UNITA ndani. Januari 1976 mkutano wa dharura wa Addis Ababa uligawanyika katikati, 22 kwa 22. Kundi la wenye imani moja lingevunjika hapo. Hawa waliendelea kukutana, kwa kuwa Smith alikuwa bado Salisbury na Vorster wa Afrika Kusini alikuwa bado Pretoria, na kazi ilikuwa ileile.

Hawakuwa na mkataba, sekretarieti, wala jengo. Walikuwa na gharama, na kila mmoja alilipa kwa alichokuwa nacho. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa ikisafirisha shaba kwa reli ya kusini kupitia kwa adui. Smith alipofunga mpaka Januari 1973 ili kuiadhibu, kisha akataka kuufungua, Kaunda alikataa kurudi. Kabla ya hapo mafuta yalikuwa yamewahi kubebwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara ya vumbi ambayo masika iliigeuza tope, mpaka bomba la TAZAMA lilipofika Ndola mwaka 1968. Kisha likaja shina la yote, reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa Julai 1976. Msumbiji, ikiwa na umri wa miezi minane tu, ilifunga mpaka wake na Rhodesia Machi 1976 na kupoteza mapato ya reli na bandari ya Beira.

Tanzania ililipa kwa ardhi na kwa mikate. Kongwa, huko Dodoma, na Nachingwea, kusini, palikuwa na kambi za mafunzo ya wapigania uhuru. Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, shamba la mkonge lililokuwa limeachwa walipewa ANC wa Afrika Kusini mwaka 1977. Wakajenga shule wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Yalikuwepo madarasa, mashamba, hospitali, na yapo makaburi, maana baadhi yao hawakuwahi kurudi kwao. Watu wa Morogoro wa umri wangu waliwajua wageni hao sokoni. Hapakuwa na mtu aliyeuliza kama ANC ni Wajamaa kama sisi.

Mgogoro mkubwa ndani ya kundi hili ulihusu mbolea. Mwaka 1978 Zambia ilikuwa hoi. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imefurika mizigo, TAZARA haikuwa na injini na mabehewa ya kutosha, na mbolea ya mahindi ilikuwa imekwama njiani wakati mvua za Novemba zinakaribia. Mkulima wa mahindi haisubiri siasa. Mbolea ikichelewa wiki tatu, mwaka umekwisha. Oktoba Kaunda akaamua kuifungua tena njia ya reli ya kusini kupitia Rhodesia. Nyerere na Machel walimkabili na kumsihi asifanye hivyo. Hakubadilisha uamuzi, na wala hawakumfukuza. Mwezi huohuo ndege za Smith zilishambulia kambi za ZAPU, chama cha wapigania uhuru wa Zimbabwe, ndani ya Zambia na kuua mamia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema Zambia imejitoa kwenye mapambano. Ninapofikiria ukomavu wa kisiasa, ndicho kisa ninachokifikiria. Walipimana kwa kiasi ambacho kila mmoja angeweza kubeba mwaka ule, na mwenzao alipoinama hawakumwita msaliti.

Nguvu ya mshikamano huo ndiyo waliyoitumia kuwabana hata wapigania uhuru wenyewe. Mwaka 1976 walizilazimisha ZANU na ZAPU, vyama vilivyokuwa haviwezi kuonana, kwenda mezani kama Patriotic Front. Mwishoni mwa 1979, mazungumzo ya uhuru wa Zimbabwe huko Lancaster House, London, yalipokaribia kukwama, Machel, aliyekuwa amezika raia na wakimbizi wengi waliouawa na ndege za Rhodesia, alimweleza Robert Mugabe, kiongozi wa ZANU, kwamba asitegemee kuendesha vita kutoka Msumbiji akiikataa suluhu. Tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikawa huru. Wiki mbili na nusu kabla, mjini Lusaka, nchi hizo zilikuwa zimeunda umoja wa kiuchumi, SADCC, na ndani yake wakamwingiza hata Kamuzu Banda wa Malawi, aliyekuwa na uhusiano wa kibalozi na makaburu tangu 1967. Wenye itikadi wangemwacha nje. Wao walihitaji reli na barabara zinazopita kwake.

Mwaka 1984 Msumbiji, iliyokuwa imechoshwa na vita vya waasi wa RENAMO, ilitia saini mapatano ya Nkomati na Afrika Kusini, na wengi waliumia. Samora alibaki mwenzao mpaka tarehe 19 Oktoba 1986, ndege yake ilipoanguka Mbuzini akitoka kwenye mkutano Zambia. Na mwaka 1994, Mandela alipoapishwa, Nchi za Mstari wa Mbele zilijivunja. Kazi ilikuwa imekwisha.

Laiti mambo yangeishia hapo. Vyama vilivyopigania uhuru viliendelea kuwa madarakani, na sasa vilikuwa na jumuiya rasmi, SADC, lakini havikuwa na Smith. Undugu uliokuwa chombo cha kazi ukawa ngao ya wakubwa. Mfano mmoja unanisikitisha kuliko mingine. SADC ilikuwa na mahakama yake mjini Windhoek, ambako raia wa kawaida aliweza kuishtaki serikali yake. Mwaka 2008 mahakama hiyo iliamua dhidi ya Zimbabwe katika kesi ya wakulima walionyang'anywa mashamba. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mashamba yale. Dhuluma ya walowezi katika ardhi ya Zimbabwe haina mjadala, na mimi nipo upande wa walioporwa kwanza. Lakini wakuu wa nchi hawakujadili hukumu. Walisimamisha mahakama yenyewe mwaka 2010, na miaka miwili baadaye wakaamua kwamba mahakama mpya itasikiliza kesi za serikali dhidi ya serikali tu. Aliyefungiwa mlango si mlowezi peke yake. Ni kila mama wa Lilongwe, kila mwandishi wa Luanda, kila mchimbaji wa Geita. Na waliofunga walikuwa ndugu wa mapambano, wakilindana.

Kwa hiyo ninapoulizwa leo kuhusu Muungano wa Nchi za Sahel, sianzi na bendera ya Ufaransa iliyoshushwa wala na wanajeshi wa Urusi waliowasili. Mali, Burkina Faso na Niger zilitia saini mkataba wa kusaidiana kijeshi Septemba 2023, zikatangaza shirikisho Niamey tarehe 6 Julai 2024, na Januari 2025 zikatoka rasmi katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Afrika Magharibi, ECOWAS. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanazishangilia, na ninaielewa furaha yao. Ni ileile ya Casablanca. Nchi hizo tatu zina kazi ya kweli ya pamoja, maana wanaoua wanavijiji wa Liptako, eneo zinapokutana nchi hizo, hawatambui mipaka, na kwa kazi hiyo zina haki ya kuwa na umoja wao. Wasiwasi wangu ni kwamba kilichozikutanisha haraka ni kitu kingine: serikali zote tatu ziliingia kwa mapinduzi, na zote tatu zilikuwa zikibanwa na jirani zao zirudishe madaraka kwa raia. Umoja wa namna hiyo unaweza kuwa mstari wa mbele, na unaweza kuwa ukuta wa kujifichia. Kutoka nje huwezi kutofautisha kwa kusikiliza hotuba.

Nitatazama kitu kimoja. Mwanamke mmoja wa Niger, aliyeuzwa akiwa msichana wa miaka kumi na miwili na kutumikishwa kama mtumwa, aliishtaki serikali ya nchi yake katika mahakama ya ECOWAS. Mahakama ilikwenda kukaa Niamey kumsikiliza, na mwaka 2008 ikaamua kwamba serikali ilishindwa kumlinda, ikaamuru alipwe fidia ya faranga milioni 10. Nchi yake ilipotoka kwenye ECOWAS, njia aliyoipitia ilifungwa nyuma yake. Watawala wa Sahel wamezungumzia kuwa na mahakama yao wenyewe. Ikiwa raia wa Niger ataweza kuingia humo na kuishtaki Niger, nitaanza kuuamini muungano huo.